Kutoa Upepo, Kumwaga, Kusukuma: Uhakiki wa Vitenzi vya Gereji katika Huduma ya Breki za ABS

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya Kiswahili inayotumika kuelekeza kazi ya kutoa upepo na kubadilisha mafuta ya breki katika magari yenye mfumo wa ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu kujifunga dereva anapofunga breki kwa nguvu. Matini zinazohakikiwa ni tatu: mazungumzo ya mafundi wawili wanapofanya kazi hiyo, maandishi ya kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, na kanuni ya mapokeo inayoelekeza gurudumu la kuanzia. Hoja inayotetewa ni kwamba upungufu wa lugha hii hauko katika nomino, ambazo kamati za istilahi zimezishughulikia kwa bidii, bali uko katika vitenzi.

1.0 Utangulizi

Mikutano yetu ya Kiswahili imezoea kuhakiki riwaya, tenzi na hotuba. Ni nadra kuhakikiwa maneno ambayo fundi aliyelala chini ya gari humwambia mwenzake aliyeketi kwenye usukani. Hata hivyo, maneno hayo nayo ni matini. Yana msemaji na msikilizaji, yana mpangilio na mapokeo, na matokeo yake huweza kuonekana barabarani siku hiyo hiyo, jambo ambalo riwaya chache zinaweza kujivunia.

Mazingira yake yanafahamika. Sehemu kubwa ya magari madogo ya ukanda huu hushushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na mengi huendelea na safari hadi Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Kenya huzuia magari yaliyozidi miaka 8. Kwingineko huingia yaliyo makuukuu zaidi. Kitabu cha maelekezo, kikiwapo, huwa cha Kijapani. ABS, ambayo kampuni ya Bosch iliianza kwa magari ya Mercedes-Benz ya daraja la S mwaka 1978 na ikawa anasa ya matajiri, leo imo hata katika gari dogo la teksi. Kwa hiyo maarifa ya kuuhudumia mfumo huu hayakutufikia kwa maandishi. Yametufikia kwa mdomo, na mdomo huo kwa sehemu kubwa husema Kiswahili, awe fundi yuko Mwanza, Nakuru, Goma au Bujumbura. Rwanda iliifanya lugha hii kuwa rasmi mwaka 2017, na Kongo ikajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Matukio hayo mawili yameshangiliwa sana katika kumbi kama hizi. Makala haya yanauliza lugha iliyopewa hadhi hiyo inafanya nini ikifika gereji.

2.0 Kitenzi kimoja, kazi mbili

Nchini Tanzania fundi husema "kutoa upepo kwenye breki". Kenya, pamoja na usemi huo, kitenzi cha Kiingereza kimepachikwa kiambishi na kazi ikaendelea. Kule ambako lugha ya ufundi imekulia katika Kifaransa, neno linalosikika ni lile la Kifaransa, purger. Tofauti hizi zinastahili kutazamwa kwa makini, maana kila lugha imechagua ugonjwa wake. Kitenzi cha Kiingereza ni kile cha kutoa damu. Cha Kifaransa ni kile cha kusafisha tumbo. Tunaweza kusema Mwingereza huiumika breki, Mfaransa huinywesha haluli, nasi huitoa upepo. (Msikilizaji wa pwani hatakosa kusikia ndani ya usemi wetu mwangwi wa uganga wa pepo, na si ajabu: breki yenye upepo nayo huja na kuondoka bila taarifa.)

Kati ya tamathali hizo tatu, yetu ndiyo iliyo wazi zaidi kwa jambo moja. Inataja moja kwa moja kinachotolewa. Hewa hushindilika, kimiminika hakishindiliki kwa kiasi cha kuhisika. Hewa ikiingia katika mabomba ya breki, nguvu ya mguu hutumika kuibana hewa badala ya kusukuma pedi, na pedali huwa laini kama sifongo. "Toa upepo" ni maelezo sahihi, mafupi na ya kienyeji. Mwanaistilahi anayetaka kuuondoa usemi huu na kuleta mwingine wa maabara sina la kumuunga mkono.

Tatizo ni kwamba usemi huo umebebeshwa kazi ya pili isiyo yake. Mafuta ya breki ya kawaida, yale ya daraja la DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1, hutengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli, na kemikali hizo hunyonya unyevu wa hewani. Maji hupenya polepole kupitia mipira ya breki na tundu la hewa la kifuniko, hata gari likiwa limeegeshwa. Kiwango cha Marekani namba 116, ambacho ndicho asili ya majina hayo ya DOT, kinataka mafuta mapya ya DOT 3 yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishachanganyika na maji ya takriban asilimia 3.7, kima cha chini kinachokubalika hushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Katika mteremko wa Kitonga mkoani Iringa, au wa Mai Mahiu nchini Kenya, au ule unaotoka Bugarama kwenda Bujumbura, Hiace iliyojaa abiria inaweza kulipasha diski na kalipa joto la kutosha kuyachemsha mafuta yaliyozeeka. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hushindilika kama hewa. Pedali huzama. Gari likisimama kando kwa muda, mvuke hupoa na kurudi kuwa maji, pedali hupanda, na fundi atakayeitwa hatakuta kitu.

Sasa tuirudie amri "toa upepo". Fundi anayeitii kwa uaminifu hufungua skrubu ya kutolea upepo, huangalia mapovu ndani ya mpira wa plastiki, na mapovu yakikoma hufunga. Ameifanya kazi aliyotajiwa. Lakini mafuta ya miaka 6, yaliyojaa maji, hayatoi povu hata moja yakiwa baridi. Hayana upepo. Kwa mujibu wa kitenzi, breki hizo ni nzima. Kwa mujibu wa kipimo cha kuchemka, zimekwisha. Lugha imempa fundi dalili ya kuacha kazi kabla kazi haijaanza, na hapo ndipo penye madhara halisi ya kile ambacho katika karatasi huonekana kuwa suala dogo la msamiati.

Watengenezaji wengi hutaja miaka 2 kuwa muda wa kubadilisha mafuta hayo. Katika Tanga, Mombasa au Unguja, ambako unyevu wa hewa hauhitaji maelezo, sioni sababu ya kuurefusha. Aidha rangi haitoshi kuwa kipimo: yapo mafuta meusi yenye maji machache na mafuta meupe yaliyokwisha kushiba maji. Kuna vifaa vidogo vya kupimia unyevu huo, lakini kifaa kisicho na kitenzi hakiagizwi dukani.

3.0 Je, mafuta ya breki ni mafuta?

Hapa wanaistilahi watainua mikono, na wana haki. "Mafuta ya breki" si mafuta. Fundi mwenyewe anajua: tone likidondokea rangi ya gari huibabua, na dawa yake ni kuliosha upesi kwa maji. Ni mafuta gani yanayobabua rangi na kuoshwa kwa maji matupu? Isitoshe, jina hilo lina mtego. Mipira ya ndani ya masta silinda na kalipa imetengenezwa kuhimili glikoli. Ikikutana na mafuta halisi ya petroli, kwa mfano oili ya injini au ya usukani, hufura na kulegea, na breki nzima huharibika kwa sababu ya kikombe kimoja cha mafuta yasiyohusika. Mtu aliyeishiwa mafuta ya breki usiku, akaona chupa ya oili karibu, ameshawishiwa na jina.

Ipo njia ya kamati: kiowevu cha breki. Neno limeundwa vizuri, na katika kitabu cha fizikia lina mahali pake. Naona hata hivyo kwamba halitaingia gereji, na si kwa ukaidi wa mafundi. "Mafuta ya breki" limeandikwa kwenye stakabadhi, linatajwa dukani, linafahamika kwa dereva asiyejua lolote la magari. Kubadilisha nomino iliyoenea kiasi hicho ni gharama kubwa, na faida yake ni ndogo kama maneno yanayoizunguka yatabaki yale yale. Citroën zenye mafuta ya kijani ya LHM, ambazo wazee wa miji iliyotawaliwa na Wabelgiji wanazikumbuka, zilitumia mafuta ya kweli ya madini katika breki. Huko nomino ilisema kweli, na bado aliyetia mafuta ya glikoli aliua mfumo. Nomino sahihi haikumlinda.

Kinachomlinda mtu ni sentensi. Na sentensi hiyo, kwa bahati nzuri, imekwisha kuandikwa, tena juu ya kifuniko cha kikopo chenyewe. Kanuni za usalama za Marekani hulazimisha onyo fupi pale, na watengenezaji wengi huliweka hata kwenye magari ya masoko mengine: safisha kifuniko kabla ya kukifungua, tumia mafuta ya aina fulani pekee, kutoka kwenye chombo kilichofungwa. Nimeisoma matini hii mara nyingi na kila mara naistaajabia. Hakuna neno kuhusu kemia. Lakini "kutoka kwenye chombo kilichofungwa" limebeba nadharia nzima ya unyevu: chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita na kurudishwa rafuni imekuwa ikinywa hewa siku zote hizo. Na "safisha kabla ya kufungua" limebeba nadharia ya uchafu, ambayo katika ABS ni ya maana zaidi kuliko zamani, kwa kuwa vali zake zina vijitundu ambavyo punje ya mchanga wa barabara ya vumbi yatosha kuviziba.

Onyo hili halipo kwa Kiswahili, wala kwenye kifuniko wala, mara nyingi, kwenye chupa inayouzwa. Kama mashirika ya viwango ya nchi za Jumuiya yangetaka kuanzia mahali fulani, pangekuwa hapa: lebo ya Kiswahili kwenye kila chupa, inayobakiza jina la "mafuta ya breki" na kuongeza kwamba si oili ya injini wala ya usukani, kwamba hunywa maji, na kwamba kilichobaki kisihifadhiwe kwa kazi ya baadaye. Neno "hunywa maji" nalipendekeza kwa makusudi dhidi ya istilahi za kemia za unyonyaji wa unyevu. Hakuna fundi atakayelihitaji litafsiriwe.

4.0 "Piga, piga, shika"

Matini ya pili ni ya watu wawili. Mmoja yuko kwenye pedali, mwingine kwenye gurudumu na spana. Wa chini husema, wa juu huitikia kwa kitendo na mara nyingi kwa sauti pia.

— Piga. Piga. Piga. Shika!
— Nimeshika.
(Skrubu hufunguliwa, mafuta hutoka, skrubu hufungwa.)
— Achia. Piga tena.

Hii ni matini ya simulizi iliyokamilika kuliko nyingi tulizozikusanya. Ina mwito na mwitikio, ina marudio, na kila neno lina uzito wake. Uzito wote uko katika "shika". Mguu ukiachia kabla skrubu haijafungwa, pedali ikirudi huvuta hewa kupitia nyuzi za skrubu, na kazi yote imegeuka kinyume chake. Ndiyo maana mwitikio "nimeshika" si adabu tu. Ni kithibitisho, na fundi mzuri hafungui kabla ya kukisikia.

Linganisha na namna tunavyoandika. Katika maelekezo ya ufundi ya Kiswahili kumezoeleka sentensi za kutendwa na za jumla: pedali ikanyagwe, skrubu ifunguliwe, upepo utolewe. Sarufi haina kosa. Lakini nani amkanyagie nani? Nani husubiri nani? Mtindo huu umeondoa watu wawili na kuacha vitendo vinavyoelea, kana kwamba kukanyaga na kufungua ni mambo yanayofuatana tu katika aya, ilhali usalama wa kazi umo katika kupokezana. Mwandishi ameona kutendwa ndiyo sauti ya kitaaluma. Ningemshauri aandike kama tamthilia: wa juu, wa chini, na maneno yao. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi aliyepewa mazungumzo hayo ataweza kuyarudia gizani. Aliyepewa kutendwa atalazimika kukisia.

Mapokeo haya nayo yana doa. Baadhi husema "kanyaga mpaka chini". Katika gari jipya haina neno. Katika gari la miaka 15, sehemu ya ndani ya masta silinda ambayo mipira haijawahi kuifikia huwa na kutu na uchafu. Pedali ikizamishwa hadi sakafuni mara ishirini, mipira hupita juu ya ukwaru huo na kuchanika. Gari lililoletwa kwa kutolewa upepo huondoka na masta silinda inayovuja kwa ndani, na lawama huangukia pampu ya ABS, ambayo haikuwa na hatia. Kipande cha mbao chini ya pedali hutibu jambo hili. Haigharimu kitu kuliongeza katika mafunzo.

5.0 Msemaji wa tatu

ABS imeleta kwenye mazungumzo haya msemaji wa tatu ambaye hasikiki. Kile ambacho mafundi huita pampu ya ABS ni zaidi ya pampu. Kwa kila gurudumu kuna, kwa kawaida, vali mbili za umeme: moja ya kuingizia, ambayo gari likiwa limetulia huwa wazi, na moja ya kutolea, ambayo huwa imefungwa. Gurudumu likikaribia kujifunga, kompyuta hufunga ya kwanza na kufungua ya pili. Mafuta hukimbilia kichumba kidogo chenye springi, kisha pampu huyarudisha upande wa masta silinda. Dereva husikia mtetemo mguuni.

Tazama sasa maana yake kwa matini ya "piga, piga, shika". Swichi ikiwa imezimwa, mafuta yanayosukumwa na mguu hupita kwenye vali iliyo wazi na kufika gurudumuni. Nyuma ya vali iliyofungwa hayafiki. Kama hewa imejificha katika kile kichumba, watu wawili wanaweza kufanya mazungumzo yao bila kosa hata moja, mapovu yakakoma, pedali ikawa ngumu kama jiwe, na gari likakabidhiwa kwa mwenyewe. Siku ya mvua, kwenye lami yenye utelezi, ABS itaamka kwa mara ya kwanza; vali zitafunguka, pampu itazunguka, na hewa ile itaingia kwenye mabomba katika dakika ile ile ambayo breki inahitajika kuliko wakati wowote. Kwa hiyo baadhi ya kazi, hasa baada ya kubadilisha pampu yenyewe au baada ya mfumo kukauka, huhitaji mashine ya kusomea kompyuta ya gari, inayoamuru vali zifunguke na pampu izunguke huku mafuta yakisukumwa. Katika magari ya mseto ya Toyota, kama Prius, ambako shinikizo la breki hutengenezwa na pampu ya umeme na kuhifadhiwa, mashine hiyo ni sharti, na kuanza kufungua mabomba bila kuufuata utaratibu wake ni hatari kwa fundi mwenyewe.

Kuna mafundi ambao, kwa kukosa mashine, hulipeleka gari kwenye barabara ya changarawe, hufunga breki kwa ghafla ili ABS iamke, kisha hurudi kutoa upepo upya. Hiyo ni akili, na mantiki yake ni sahihi. Lakini ni kulijaribu gari lenye breki za mashaka kwa kulitegemea breki hizo hizo.

Wakati huo huo pamezuka msemo wa kinyume: gari la ABS haliguswi bila kompyuta. Nauona kuwa na madhara yanayolingana na yale ya ujinga, maana unamfanya mwenye gari aahirishe kubadilisha mafuta mpaka mashine ipatikane, na mashine haipatikani. Katika magari mengi ya kawaida, kama pampu haijafunguliwa na kikopo hakijaachwa kikauke, mafuta mapya yanaweza kusukumwa kwa njia ya watu wawili bila mashine yoyote. Kinachoamua ni maelekezo ya mtengenezaji wa gari husika pamoja na historia ya gari: je, hewa imepata nafasi ya kuingia juu ya vali?

Swali hilo linaturudisha kwenye vitenzi. Kwa oili ya injini gereji husema "kumwaga oili": fungua chini, acha itoke yote, funga, jaza mpya. Kitenzi hicho kikihamishiwa kwenye breki, kama ambavyo huhamishiwa, ni maafa. Aliyemwaga mafuta ya breki yote ameingiza hewa hadi ndani ya pampu ya ABS na amejitengenezea mwenyewe ile kazi isiyofanyika bila kompyuta. Kimependekezwa pia "kusuuza". Nakiona kizuri masikioni na kibaya mikononi, kwa kuwa kusuuza hufanywa kwa maji, na mwanafunzi mtiifu hatakosa kuuliza ndoo iko wapi. Ninachokitetea ni "kusukuma": mafuta mapya huyasukuma ya zamani mbele yake, kikopo hakishuki chini ya alama, hakuna nafasi tupu wakati wowote. Sukuma mpaka yanayotoka yafanane na yanayoingia. Kitenzi hiki kina kipimo chake ndani: mtu hawezi kusukuma kwa kitu kisichokuwapo nyuma, hivyo atakumbuka kujaza kikopo.

Kwa hiyo kuna kutoa upepo, pale hewa ilipoingia. Kuna kusukuma, pale mafuta yalipozeeka. Na kumwaga, ambako kubaki kwenye injini.

6.0 Mbali na nini?

Kanuni ya mapokeo husema: anza na gurudumu la mbali. Vitabu vingi vya Kimarekani husema: anza na gurudumu la nyuma la kulia. Anayetafsiri kitabu hudhani kauli hizo ni moja. Zilikuwa moja katika gari lenye usukani kushoto, ambamo masta silinda iko kushoto na gurudumu la mbali kabisa nayo ni la nyuma kulia. Katika gari la Japani lenye usukani kulia, ndilo linalotawala Kenya, Uganda na Tanzania na linaloonekana kwa wingi hata Burundi na mashariki ya Kongo ambako watu huendesha upande wa kulia wa barabara, la mbali ni la nyuma kushoto. Tafsiri sahihi ya neno kwa neno imeleta gurudumu lisilo sahihi. Mapokeo ya mdomo, kwa kubakiza sababu badala ya upande, yamevuka mpaka salama kuliko kitabu.

Lakini nayo hayajafika mwisho. "Mbali" inahitaji kutajwa ni mbali na nini. Katika mfumo wa ABS mabomba hayaendi tena moja kwa moja kutoka masta silinda hadi magurudumu. Hupitia pampu, ambayo inaweza kuwa imefungwa kona nyingine ya injini. Aidha magari mengi madogo yamegawanywa kwa mshazari, gurudumu la mbele la upande mmoja likiwa njia moja na la nyuma la upande wa pili. Wapo watengenezaji wanaotaka kazi ianzie mbele. Kanuni ya umbali haijafutika, ila imeshuka cheo: ni ya kutumiwa maelekezo ya gari yanapokosekana.

7.0 Pale istilahi inapokutana na skrini

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba nomino za sayansi. Kazi hiyo haihitaji kurudiwa. Kinachokosekana ni kamati itakayoketi gereji na kuorodhesha vitenzi: nini husukumwa, nini hushikwa, nini kamwe hakimwagwi, na dalili gani humwambia mtu aache. Vyuo vya ufundi stadi vya Tanzania, ambako Kiswahili tayari ndicho lugha ya karakana, vingeweza kuianza kazi hiyo, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar ikaipeleka nchi jirani ambako Kifaransa kimeacha vitenzi vyake. Lori zisisahauliwe katika mafunzo hayo: zina breki za upepo, na dereva wa lori aliyezoea kusikia kwamba upepo ukipungua breki zimekwisha huhitaji kuelezwa kwa nini katika gari dogo upepo uo huo ni adui.

Muda wa kufanya hivyo si mrefu. Mashine za kusomea kompyuta za magari zinashuka bei na kuingia gereji za kawaida, na zinakuja na lugha zao. Katika kazi ya breki mashine huamuru mtu: hukanyagisha, husubirisha, huachisha, kwa hatua zinazoonekana kwenye skrini kwa Kiingereza au Kichina. Siku skrini hizo zitakapotafsiriwa kwa Kiswahili, yamkini kwa kompyuta na kwa haraka, zitaandika "kanyaga pedali" mahali ambapo fundi angesema "shika". Aliyeketi kwenye usukani atakanyaga, atadhani ametii, atainua mguu, na vali zitakuwa bado wazi.